Bradford na Raga Yake: Misimu Iliyoamuliwa Nje ya Uwanja

Klabu ya Bradford Bulls ilirudi Super League, daraja la juu la raga ya wachezaji 13 nchini Uingereza, kwa msimu wa 2026, baada ya kukosekana kwa misimu 11. Haikurudi kwa kutwaa ubingwa. Katika msimu wa 2025 kulikuwa na timu zilizofanya vizuri kuliko yake katika daraja la pili. Kilichoipandisha ni jedwali la alama lililozingatia idadi ya mashabiki, hali ya fedha, uwanja, ukubwa wa mji na matokeo ya miaka kadhaa. Kwa mgeni, utaratibu huo unaweza kuonekana wa ajabu. Kwa wenyeji wa Bradford si jambo geni, kwani tangu mwisho wa karne ya 19 hatima ya timu yao imekuwa ikiamuliwa mara nyingi zaidi katika vyumba vya mikutano na vitabu vya hesabu kuliko uwanjani.

Raga hii si ile iliyozoeleka Nairobi au Kampala, ya wachezaji 15 au saba. Katika raga ya 13, mchezaji akiangushwa na mpira huinuka, akauweka chini na kuusukuma nyuma kwa mguu, na mchezo ukaendelea. Timu hukabwa hivyo mara sita, kisha mpira huenda kwa wapinzani. Hakuna rundo la watu wanaogombea mpira ardhini, kwa hiyo mchezo una mbio nyingi na mapumziko machache. Trai moja ni pointi nne. Tofauti hizi zote zilikuja baada ya raga kugawanyika kuwa michezo miwili, na chanzo cha mgawanyiko wenyewe hakikuwa kanuni za uchezaji. Kilikuwa ujira.

Mwishoni mwa miaka ya 1880, raga ilikuwa imeenea kaskazini mwa Uingereza, katika miji ya viwanda vya sufu na pamba na ya machimbo ya makaa ya mawe. Wachezaji wake walikuwa vibarua wa viwandani na wachimbaji. Jumamosi asubuhi ilikuwa wakati wa kazi, na mtu aliyesafiri kwenda kucheza alikatwa ujira. Klabu za kaskazini ziliomba ruhusa ya kuwafidia. Wakuu wa chama cha raga, wengi wao wakitoka katika shule za watu wenye uwezo, walikataa wakisema mchezo ni wa ridhaa na asiye na nafasi ya kucheza bure asicheze. Tarehe 29 Agosti 1895, wajumbe wa klabu hizo walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitoa na kuunda Northern Union. Kikomo cha fidia kilikuwa shilingi sita kwa siku. Kwa kiwango hicho kidogo mchezo ukapasuka vipande viwili, na haujaungana tena hadi leo.

Bradford ilikuwa mji mkuu wa biashara ya sufu, na ilikuwa na klabu mbili kati ya zilizojiunga na umoja huo mpya. Klabu ya Bradford yenyewe ilianzishwa mwaka 1863 na ilikuwa na uwanja mzuri wa Park Avenue. Manningham, jirani na mpinzani wake, ilitoka upande wa mji uliokuwa na viwanda vikubwa na ilicheza Valley Parade. Manningham ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa Northern Union, msimu wa 1895/96. Kwa kawaida bingwa wa kwanza wa ligi mpya hutarajiwa kuota mizizi. Manningham haikumaliza hata miaka minane. Ilizama katika madeni, ikaandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale ili kupata fedha, na fedha zilipopatikana viongozi wakaamua mwaka 1903 kuachana na raga na kuanza kandanda. Klabu hiyo ndiyo Bradford City ya leo, na mwaka 1911 ilitwaa Kombe la FA.

Bradford nao walifuata njia hiyohiyo, tena wakiwa na hali nzuri zaidi uwanjani. Walikuwa mabingwa msimu wa 1903/04, wakatwaa Kombe la Changamoto (Challenge Cup) mwaka 1906, na mwaka 1907 wakageukia kandanda. Mwenyekiti wao, mfanyabiashara tajiri wa sufu Harry Briggs, aliona jinsi kandanda ilivyokuwa ikijaza viwanja na akaamua kuwekeza huko. Wapenzi wa raga waliuita uamuzi huo Usaliti Mkuu, na jina hilo limebaki katika vitabu vya historia ya mchezo. Park Avenue ikawa uwanja wa mpira wa miguu. Waliokataa, ambao walikuwa wachache, waliunda klabu mpya mwaka huohuo na kuiita Bradford Northern, kutokana na jina la Northern Union.

Klabu hiyo mpya haikuwa na kitu. Ilianzia uwanja wa Greenfield, mwaka uliofuata ikahamia Birch Lane, na ikakaa huko hadi 1934 ikiwa miongoni mwa timu dhaifu za ligi, na mara kadhaa ikikaribia kufungwa. Mashabiki waliokuwa wakijiuliza timu itafanya nini msimu ujao walikuwa na swali jingine la kutangulia: je, timu itakuwapo?

Wokovu ulitoka jalalani. Kusini mwa mji, mahali panapoitwa Odsal, palikuwa na bonde kubwa lililotokana na uchimbaji wa mawe. Mkuu wa idara ya usafi ya halmashauri, Ernest Call, alibuni mpango wa kumwaga takataka za mji humo kwa utaratibu maalumu, zikipangwa kandokando hadi zikawa miteremko ya duara inayozunguka sehemu tambarare. Zilimwagwa shehena za mikokoteni zipatazo 140,000. Taka za majumbani, majivu ya mekoni na vifusi viligeuka kuwa majukwaa ya kusimamia watazamaji. Bradford Northern ilikodi mahali hapo kutoka kwa halmashauri na kupafungua rasmi mwezi Septemba 1934.

Odsal ni uwanja wa namna yake. Mtu anayeingia kutoka barabarani hukuta yuko juu kabisa ya ukingo, na uwanja wa kuchezea uko chini sana, kana kwamba ameuchungulia kutoka mdomo wa kisima. Kwa miaka mingi vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa huko juu. Timu ziliteremka ngazi ndefu katikati ya watu, wengine wakiwapiga wachezaji mgongoni na wengine wakiwatukana, na baada ya dakika 80 za kugongana wachezaji hao walipanda ngazi zilezile kurudi juu. Kuzunguka uwanja kulikuwa na njia ya mbio za pikipiki, ambayo ilikata pembe za uwanja wa raga. Winga aliyekuwa akikimbilia kona kufunga trai ilimbidi ajue pale ardhi inapoanza kupinda. Wenyeji waliyajua hayo, wageni waliyagundua wakiwa wameshaanguka. Mbio hizo za pikipiki zilikuwa na hadhi yake: fainali za dunia za 1985 na 1990 zilifanyika hapo.

Uwanja mpya ulikuja na uongozi mpya. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, chini ya mkurugenzi Harry Hornby na meneja Dai Rees, klabu ilianza kusajili vijana, hasa kutoka Wales, ambako machimbo yalikuwa yamefungwa na vijana wa raga walikuwa tayari kuvuka kwenda kulipwa. Trevor Foster alitoka Newport mwaka 1938. Pamoja na nahodha Ernest Ward, walijenga timu iliyofika fainali ya Kombe la Changamoto Wembley mara tatu mfululizo: 1947, 1948 na 1949. Waliishinda Leeds 8-4 katika ya kwanza, wakafungwa na Wigan 8-3 katika ya pili mbele ya Mfalme George VI, na wakaishinda Halifax 12-0 katika ya tatu. Katika ile waliyofungwa, mchezaji bora wa fainali alikuwa Frank Whitcombe wa Bradford, mara ya kwanza kwa tuzo hiyo kwenda kwa mchezaji wa timu iliyoshindwa.

Siku maarufu kuliko zote katika historia ya Odsal, hata hivyo, wenyeji hawakucheza. Mwezi Aprili 1954 fainali ya Kombe la Changamoto kati ya Halifax na Warrington ilimalizika 4-4 Wembley. Marudiano yakapangwa Odsal jioni ya Jumatano, tarehe 5 Mei. Hesabu rasmi ya waliolipa ilikuwa watu 102,569, na wengine wengi waliingia kwa kuruka na kuvunja uzio. Barabara za kutoka Lancashire zilijaa magari, na wapo waliofika mechi ikiwa imeshapiga hatua. Warrington ilishinda 8-4. Idadi hiyo ilibaki rekodi ya dunia ya mchezo huo kwa miaka 45, hadi ilipovunjwa Sydney mwaka 1999. Hata hivyo, sifa hiyo iliiletea klabu faida ndogo kuliko inavyodhaniwa. Uwanja unaoweza kumeza watu laki moja huonekana mtupu ukiwa na 5,000, na gharama za kuutunza hazipungui.

Miaka tisa baadaye ndipo jambo hilo lilipoonekana wazi. Timu kubwa ya miaka ya 1940 ilikuwa imestaafu, viwanda vya sufu vilianza kupunguza watu, na televisheni ilikuwa imeingia majumbani. Mwezi Novemba 1963, katika mechi dhidi ya Barrow, walihesabiwa watazamaji 324 katika bonde lile lililowahi kujaa watu laki moja. Mwezi Desemba klabu ikajitoa kwenye ligi katikati ya msimu, na matokeo yake yote yakafutwa.

Hapo mji ukaonyesha kwamba raga haikuwa imekufa pamoja na klabu. Trevor Foster, akishirikiana na mchezaji mwenzake wa zamani Joe Phillips, alianza kuzunguka akitafuta fedha na watu. Mwezi Aprili 1964 ulifanyika mkutano wa hadhara katika ukumbi wa St George's, na mamia ya watu walihudhuria. Klabu iliundwa upya kwa jina lilelile, na mwezi Agosti ikacheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Hull Kingston Rovers mbele ya watazamaji zaidi ya 14,000. Ilifungwa. Hakuna aliyejali sana. Mwaka uliofuata ikatwaa Kombe la Yorkshire, na chini ya kocha Peter Fox ikawa bingwa wa ligi mara mbili mfululizo, 1980 na 1981.

Mapinduzi makubwa zaidi yalitoka mbali. Mwaka 1995 kampuni ya Rupert Murdoch, iliyokuwa ikipigania haki za matangazo ya raga ya 13 huko Australia, iliahidi mchezo huo nchini Uingereza pauni milioni 87 ili kuanzishwe Super League. Masharti yalikuwa mazito: baadhi ya klabu zilitakiwa kuungana, na msimu uhamishwe kutoka majira ya baridi kwenda ya kiangazi. Mpango wa kuziunganisha klabu ulizua maandamano na ukaachwa. Msimu ulihamishwa, na raga iliyokuwa mchezo wa matope na ukungu ikawa mchezo wa jua la jioni.

Bradford ilielewa mapema kuliko wengine kile kilichokuwa kimebadilika. Ilitupa jina la Northern na kujiita Bulls, ikaweka muziki, ngoma, mtu aliyevaa vazi la ng'ombe dume wa kuchezesha watoto na michezo ya kabla ya mechi. Fikra nyingi za aina hiyo zilitoka kwa Peter Deakin, mtu wa masoko aliyejifunza Marekani jinsi mechi inavyoweza kuwa matembezi ya familia nzima. Watu wa zamani walinung'unika, na si kwamba hawakuwa na hoja. Lakini Odsal, uliokuwa ukipata watazamaji elfu chache, ulifika wastani wa karibu 15,000 mwaka 1997. Uwanjani kocha Matthew Elliott aliongoza timu iliyotwaa ubingwa mwaka huohuo, ikiwa na Robbie Paul kutoka New Zealand. Mwaka mmoja kabla, Robbie alikuwa amefunga trai tatu Wembley katika fainali ya Kombe la Changamoto ambayo timu yake ilifungwa na St Helens 40-32.

Kati ya 2001 na 2005, chini ya Brian Noble, Bradford ilicheza fainali kuu ya Super League kila mwaka, mara tano mfululizo, na kushinda tatu: 2001, 2003 na 2005. Iliwashinda mabingwa wa Australia katika mechi ya ubingwa wa klabu za dunia mwaka 2002, 2004 na 2006. Lesley Vainikolo, winga mzaliwa wa Tonga mwenye umbo la mshambuliaji wa mbele, alifunga trai kwa kuwapitia mabeki badala ya kuwakwepa. Katika miaka hiyo, kuuliza Bradford itafanya nini msimu ujao ilikuwa kama kuuliza fainali itachezwa siku gani.

Nyufa zilikuwapo tayari, ila ushindi ulizifunika. Klabu ilihamia Valley Parade kwa misimu miwili ikisubiri Odsal ujengwe upya, kisha ikarudi mwaka 2003 katika uwanja ambao haukujengwa. Usajili wa Iestyn Harris mwaka 2004 uliiingiza katika kesi ndefu na Leeds, iliyomalizwa nje ya mahakama. Mwaka 2006 Noble aliondoka kwenda Wigan, na Stuart Fielden akamfuata kwa pauni 450,000, ada ya rekodi wakati ule. Klabu inayouza mchezaji wake wa mbele bora katikati ya msimu, tena kwa mpinzani, huwa haifanyi hivyo kwa kupenda.

Mwaka 2012 hali ikawa wazi. Shirikisho la raga lilinunua haki ya ukodishaji wa Odsal, kisha klabu ikawaomba mashabiki wachange, nao wakachanga mamia ya maelfu ya pauni kwa siku chache. Haikutosha. Katikati ya mwaka ikawekwa chini ya wasimamizi wa madeni na kupokonywa pointi sita. Mwaka 2014 hayo yakajirudia: usimamizi wa madeni, pointi sita zikaondoka, na safari hii timu ikashuka daraja. Mwaka 2015 ilibakiza mechi moja tu irudi, ikafungwa na Wakefield. Novemba 2016 iliingia mikononi mwa wasimamizi kwa mara ya tatu, na Januari 2017 ikafilisiwa. Wachezaji na wafanyakazi walipoteza kazi siku hiyohiyo. Shirikisho liliruhusu klabu mpya ichukue nafasi yake, kwa sharti la kuanza msimu ikiwa na pointi 12 chini ya sifuri.

Hapo matarajio ya msimu yalikuwa yameamuliwa kabla ya filimbi ya kwanza. Timu iliyohitaji kushinda mechi sita ili tu ifike sifuri ilishuka hadi daraja la tatu. Ilipanda mwaka 2018 ikiwa na kocha John Kear, na mwaka 2019 ikaitoa Leeds, klabu kubwa iliyo umbali wa kilomita 15 hivi, kwa 24-22 katika Kombe la Changamoto. Lakini mwaka huohuo ilitangaza kuhama Odsal kwa sababu ya gharama, ikaenda kucheza Dewsbury, na kurudi nyumbani mwaka 2021.

Utaratibu wa sasa ulitokana na mkataba wa miaka 12 ambao viongozi wa mchezo waliingia na kampuni ya IMG mwaka 2022. Kila klabu hupewa alama kati ya 20: mashabiki na matokeo ya uwanjani yana uzito mkubwa, fedha zinafuata, kisha uwanja, na mwisho ukubwa wa eneo linalozunguka klabu. Ukali wake ulionekana haraka. London Broncos walishinda fainali ya daraja la pili mwaka 2023 na kupanda, huku wakijua kabla ya mechi ya kwanza ya 2024 kwamba alama zao hazingewabakiza. Kwa Bradford, kipimo hichohicho kilikuwa baraka. Mji una wakazi zaidi ya nusu milioni, mashabiki hawakuiacha timu hata daraja la tatu, na hesabu za fedha zilikuwa zimetulia kidogo. Ligi ilipoamua kuongeza timu kutoka 12 hadi 14 kwa mwaka 2026, Bradford iliingia ndani ya 12 za kwanza kwa alama zake yenyewe, na York na Toulouse zikachaguliwa na jopo kujaza nafasi mbili zilizobaki.

Kwa jinsi hali ilivyokuwa kabla ya msimu huo, timu iliyo chini ya kocha mpya Kurt Haggerty, aliyetoka Leigh, haikuwa na sababu ya kutazamia kupambana na Wigan, Leeds au Hull Kingston Rovers kwa usawa. Pengo la daraja la pili na la kwanza ni kubwa katika raga hii, hasa dakika 20 za mwisho, ambapo wachezaji wasiozoea kasi ya juu huchelewa kupanga safu ya ulinzi baada ya kila kukabana. Kilichokuwa kipya ni kwamba kumaliza mkiani peke yake hakungeishusha timu. Kwa Bradford, kazi ya mwaka huo iligawanyika mara mbili: kupata ushindi wa kutosha ili alama za matokeo zisiporomoke, na kuendelea kuwaingiza watu Odsal, kulipa mishahara kwa wakati na kupunguza kasoro za uwanja ambao thamani yake katika jedwali ni pointi tatu tu kati ya 20.